Banda zima lilivyopiga kelele "nyuma yako!": muvi mbili za hela nyingi, usiku mmoja Uyole

Ukikaa sana kwenye banda la video huna haja ya kumuuliza mtu kama muvi imemkamata. Ikiwa imekamata, watu wanaongea na steringi, wanamwambia usiingie humo, wanamwambia jamaa yuko juu ya paa, wanamwambia nyuma yako wewe nyuma yako! Ikiwa haijakamata wanaongea wao kwa wao, bei ya mbolea, foleni ya Tunduma, nani kaongeza mke. Nimekaa kwenye mabanda toka niko darasa la tatu na hiyo alama haijawahi kunidanganya, na kisa ninachotaka kukichambua hapa kinaanzia hapohapo, kwenye nani anaongea na nani.

Mi kazi yangu ni video, harusi na sendofu ndo zinanilisha, na kwaya pia maana huku kwetu kwaya hazikai mwaka bila kutoa albamu. Mjomba wangu ana banda Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Benchi za mbao, TV inchi 43, sabufa mbili, kiingilio 500. Wateja wake usiku wengi ni madereva wa malori na utingo wao, wanaosubiri kuamkia Tunduma au kushuka Kyela mpaka mpakani Kasumulu, alafu bodaboda na vijana wa hapo mtaani. Ilikua Jumamosi ya mwezi wa sita, na anayeijua Uyole mwezi wa sita anajua baridi yake, watu makoti na mizula na wengine wamejifunga blanketi za kwenye gari, mechi imeisha mapema, kwahiyo mjomba akasema tupige muvi mbili mfululizo.

Ya kwanza jina siliweki, sio lengo langu kumchafua mtu. Niseme tu ni muvi ya Marekani ya aksheni, bajeti yake ilipita dola milioni 100, ina mastaa ambao hata bibi yangu anawajua kwa sura, na ilikua imetafsiriwa Kiswahili na mtafsiri anayependwa sana, mwenye sauti ya kukuamsha ukiwa umelala. Kila kitu kilikuwepo, magari yanaruka, ghorofa zinaanguka, helikopta, moto. Kwenye dakika ya ishirini hivi nikasikia nyuma yangu dereva mmoja anaanza kumweleza mwenzake habari ya gia boksi. Nikageuka kuangalia banda, nusu ya watu wako kwenye simu. Alafu likaja lile pigano kubwa la muvi yenyewe, lile ambalo najua limekula hela nyingi kuliko mengine yote, kamera inatikisika, mkono, buti, kioo, sura, mkono tena, mtafsiri anapiga kelele "steringi anamzungukia kulia!" na mtu tunayemwona anaenda kushoto, na mzee mmoja wa Scania akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo aliyeanguka ni wa kwetu au wa kwao?"

Hakuna aliyemjibu. Nikatafuta jibu na mi mwenyewe nikakosa, na mi ndo ninayekaa kwenye kompyuta kila siku nakata video.

Ya pili ilikua Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ya dairekta George Miller wa Australia. Hiyo dogo anayekopi muvi aliiweka kwenye flash bila kuangalia, kumbe haijatafsiriwa, Kiingereza kitupu. Watu wakalalamika, wengine wakasema mjomba turudishie mia tano zetu. Mjomba akawaomba, jamani wanangu angalieni dakika kumi, ikishindikana natoa. Zile dakika kumi hazikuisha. Kwenye dakika ya tano au ya sita banda likanyamaza, alafu baada ya muda ikaanza ile sauti ninayoijua. "Nyuma! Wako nyuma!" Dereva wa gia boksi amesimama. Anamwambia mama wa kwenye muvi, kwa Kiswahili, kwamba injini inawaka moto.

Hapo ndo nikapata swali ambalo sijaliacha mpaka leo. Zote mbili ni muvi za hela nyingi, hii ya pili nayo bajeti yake ilipita dola milioni 150. Ya kwanza ina mtu anayekueleza kila kitu kwa lugha yako, ya pili haina hata neno moja la kwako. Imekuaje yenye maelezo ndo haieleweki na isiyo na maelezo ndo watu wanamwonya steringi kabla hata jambo halijatokea?

Angalia hilo neno vizuri, nyuma yako. Mtu hawezi kulisema kama hajui mbele ni wapi. Ili upige hiyo kelele ukiwa umekaa kwenye benchi inabidi ujue steringi yuko wapi, anaangalia upande gani, adui anatokea upande gani, umbali gani, na anataka nini. Vitu vyote hivyo vimeingia kichwani mwako bila mtu kukueleza na bila wewe kujua vimeingia saa ngapi. Kuna mtu aliviweka, na kwa mi ninavyoelewa kazi hii mtu huyo ni dairekta. Hela inaweza kununua moto, magari, mastaa na kompyuta, ila hela haijui kamera ikae wapi ili mzee wa Scania ajue aliyeanguka ni nani.

Tuanze na stori yenyewe. Furiosa, ambaye ni Charlize Theron, anaendesha tenka kubwa, ndani amewaficha wanawake watano wa bosi, anakimbia nao, bosi na jeshi lake wanamfuata. Wanakwenda, wanafika sehemu, wanaamua kugeuza, wanarudi kulekule walikotoka. Basi. Ni Uyole mpaka Tunduma na kurudi. Mtu akikwambia kwa mdomo utaona ni stori ya mtoto, ila huo wepesi ni uamuzi wa mtu mzima anayejua anachofanya, maana barabara ikiwa moja na mwelekeo mmoja, watazamaji wanakua na dira, na ukishampa mtu dira unaweza kumrushia magari hamsini na asipotee. Miller alianza na picha, sio maneno. Muvi ilichorwa karibu yote, michoro kama 3,500, kabla ya kuwa na script ya kawaida ya kusoma. Kwahiyo siku wanafika jangwani Namibia mwaka 2012 kushuti, yeye muvi alishaiona.

Na hapo kuna jambo lilinigusa sana nilipolisoma. Tom Hardy, ambaye ndo Max mwenyewe, alikwazika miezi ile ya jangwani maana alikua haelewi wanachofanya, kila siku vipande, sekunde mbili hapa, tatu pale, vumbi, magari, hakuna mazungumzo ya kushika. Muvi ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2015 akamuomba Miller radhi mbele ya waandishi wa habari, kwamba mzee asingeweza kumweleza alichokua anakiona kichwani. Staa mzima, yuko ndani ya muvi, haioni muvi! Na kwenye muvi za hela nyingi hii ndo hali yenyewe. Kwenye video ya sendofu tuko watu wawili, kila mmoja anajua mwenzake anashuti nini. Kwenye muvi ya dola milioni 150 kuna timu ya kwanza, kuna timu ya pili inayoshuti magari sehemu nyingine, watu wa stanti, yaani wale wanaoruka na kuanguka kwa niaba ya mastaa, watu wa milipuko, na watu wa kompyuta ambao Fury Road peke yake iliwapa shoti kama 2,000 za kufanyia kazi. Kila mtu ameshika kipande chake. Kama hakuna kichwa kimoja kinachojua kipande hiki kinaungana na kipi, hela inavyozidi ndo vipande vinazidi kua vingi na ndo mkanganyiko unavyozidi. Mi naamini muvi ya kwanza ile usiku ilikufa hapo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naweza kukizungumzia kwa mikono yangu, kukata. Fury Road ina mikato, yaani sehemu ambazo picha moja inakatika inaingia nyingine, kama 2,700 kwenye dakika 120. Piga hesabu, ni mkato mmoja kila sekunde mbili na nusu na kitu. Hiyo ni kasi kubwa! Kwahiyo wanaosema muvi za siku hizi hazieleweki sababu zinakatwa haraka hawajalenga, maana hii nayo imekatwa haraka na banda zima la Uyole lilielewa. Siri iko sehemu nyingine. Miller alimwambia mpiga kamera wake, John Seale, kitu cha muhimu kikae katikati ya fremu, muda wote. Pua ya mtu katikati, bunduki katikati, tairi katikati. Ili picha ikibadilika jicho lako lisitafute, lipo palepale, kitu kinachofuata kinatua mahali ambapo tayari unaangalia.

Nilipolijua hili nikakumbuka banda. TV inchi 43, watu arobaini na kitu, waliokaa nyuma wanachungulia kati ya vichwa viwili na mzula mmoja. Wanachoona ni katikati! Wale watu wa nyuma kwenye muvi ya kwanza walikua wanaangalia vumbi, maana kitu cha maana kilikua mara kona ya juu mara kona ya chini, na kabla jicho halijafika picha imeondoka. Kwenye Fury Road mtu wa nyuma kabisa alikua anaona sawasawa na wa mbele. Sidhani kama Miller alikua anaifikiria Uyole, ila alikua anamfikiria mtu ambaye hatasoma maandishi wala kuelewa lugha, na huyo ni sisi.

Aliyekata ni Margaret Sixel, mke wake Miller, ambaye hakuwahi kukata muvi ya aksheni hata moja kabla ya hapo, na Miller alimtaka kwa sababu hiyohiyo, ili isifanane na muvi zingine za aksheni. Alipelekewa kama masaa 480 ya picha. Ukikaa kuangalia bila kulala ni siku 20, usiku na mchana, na hapo hujakata hata kipande. Akashinda Oscar ya ueditaji mwaka 2016, muvi ikachukua sita kwa jumla kati ya kumi ilizotajwa. Mi huwa nikiletewa masaa sita ya harusi nalalamika kwa bibi harusi, nimeacha.

Kuna sini moja lazima niikalie, ndo iliyomaliza mambo usiku ule. Usiku, tenka limekwama kwenye tope. Nani Uyole hajawahi kuona lori limekwama kwenye tope, masika ikiwa imeshika njia za Makete au Ludewa huko, watu wanakata majani, wanatafuta mawe, wanatafuta mti wa kufungia winchi. Na kwenye muvi kuna mti mmoja tu, mmoja, na jamaa anaenda kufunga winchi, na utingo mmoja alishaanza kupiga kelele "mti! mti! funga kwenye mti!" kabla hajafika. Huku nyuma adui anakuja kwenye gari ya minyororo na taa kubwa. Max anashika bunduki ya masafa, anapiga, anakosa, risasi zinahesabika, anapiga tena, anakosa, imebaki moja. Anaangalia bunduki, anamwangalia Furiosa. Anampa. Furiosa anaweka bunduki kwenye bega la Max, Max anakaa kimya hatikisiki, anapiga taa inapasuka.

Banda lililipuka. Dereva mmoja aliyekua amekaa kimya tangu jioni akasema "huyo mwanaume ana akili", na alimaanisha kabisa. Yaani ameelewa tabia ya mtu, ameelewa kwamba hawa wawili waliokua wanataka kuuana saa moja iliyopita sasa wanaaminiana, na hakuna aliyetoa hotuba ya kuaminiana. Bunduki ilitoka mkono huu ikaenda mkono ule. Kwa mi hapo ndo tofauti ya dairekta anayejua na asiyejua inaonekana wazi kuliko kwenye mlipuko wowote, aksheni inakua ndo mazungumzo. Kwenye muvi ya kwanza watu walipigana, wakaacha, wakakaa wakaongea, wakaanza tena kupigana, na lile pigano halikubadilisha kitu kati yao, ungeweza kulitoa lote na stori ikaendelea. Na hiyo sini ya usiku, ujue, walishuti mchana, jua linawaka, wakaigeuza kua usiku wa bluu baadaye. Ndo maana kwenye giza lile unaona kila kitu.

Nilitaka kuhakikisha kwamba sijichanganyi, maana mi naipenda hiyo muvi na mtu anayependa anaona anachotaka. Jumamosi iliyofuata nikamuomba mjomba nusu saa kabla ya mechi. Nikaweka pigano la muvi ya kwanza, dakika tatu, nimezima sauti. Nikasimamisha. Nikachukua chupa za soda nikawaambia watu wanne, kila mmoja kwa zamu, nipangie kwenye benchi, steringi alikua wapi na maadui wapi. Nikapata mipango minne, hakuna miwili inayofanana. Alafu nikaweka sini ya kwenye korongo, pale pikipiki zinaruka juu ya tenka na kurusha mabomu, dakika tatu, bila sauti vilevile. Utingo mmoja, kijana mdogo tu, akalaza chupa moja kubwa ya Fanta, tenka hilo, akaweka vizibo huku na huku ndo pikipiki, akaonyesha zinakotokea, akaonyesha mwamba uliofunga njia nyuma, na akasema hapa mbele ndo wanashusha lile pua la chuma chini likwangue mchanga uzime moto wa injini. Wengine watatu wakapanga hivyohivyo, mmoja alibishana juu ya pikipiki moja tu, tukarudisha picha, na alikua sahihi yeye.

Mtu anaweza kusema madereva wameelewa kwa sababu ni lori. Ni hoja ya kweli, na niliifikiria. Nikamuonyesha dada wa saluni ya jirani na wenzake wawili, hawana habari na malori kabisa, kwa laptop yangu, bila sauti. Hawakujua pua la chuma linazima moto vipi ila walijua nani yuko upande gani na nani anataka nini, na walikua wanamwonya Furiosa vilevile, tena kwa sauti kubwa kuliko madereva. Kwahiyo ulori ulisaidia utamu, uelewa ulitoka kwingine.

Wala sio kwamba hela ni mbaya. Wale jamaa wanaobembea juu ya milingoti kwenye magari yanayokimbia, Miller mwenyewe alidhani itabidi zitumike kompyuta, mpaka Guy Norris mkuu wake wa stanti alipomletea video kwamba inawezekana kweli, watu wa kweli kwenye milingoti ya kweli. Hiyo ni hela nyingi na mazoezi mengi, na unaiona. Walitakiwa kushuti Broken Hill kwao Australia, mvua ikanyesha jangwa likaota maua, wakahamisha kila kitu mpaka Namibia, meli kwa meli. Bila hela usingeweza. Ila ukitaka kujua kipi kinatangulia, mwangalie Chad Stahelski, aliyekua anamfanyia Keanu Reeves stanti kwenye The Matrix, alafu yeye na mwenzake David Leitch wakatengeneza John Wick ya kwanza, 2014, kwa hela ndogo sana ukilinganisha na hizi. Kamera imetulia iko mbali kidogo, mwili mzima unaonekana, mtu anapigwa na anaanguka kwenye fremu ileile. Hiyo nayo haijawahi kuliacha banda la mjomba likiongea bei ya mbolea.

Yaliyonipata baada ya hapo ni haya. Kuna vijana wa hapa Mbeya tunatengeneza muvi fupi, mi ndo nakata na kushika kamera moja. Tulikua na sini ya pikipiki mbili zinafukuzana kwenye njia za mashambani, tumeishuti engo tisa, droni ya kuazima, nimeikata kwa kasi, naipenda. Nikaipeleka bandani. Yule mzee wa Scania, bahati nzuri alikua anarudi kutoka Zambia, akaangalia mpaka mwisho kwa heshima, alafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa nyuma kageuza saa ngapi kurudi mjini?"

Hakugeuza. Mi nilivuka barabara na kamera nikashuti upande wa pili, kwenye TV pikipiki iliyokua inaenda kulia ikawa inaenda kushoto. Nilikua nimekaa na hiyo video wiki mbili na sikuliona.

Tukachora upya, kwenye daftari la kaunta, fremu moja moja, dairekta wetu kijana wa miaka ishirini na mbili akikataa kuondoka mezani mpaka kila mshale uelekee kulia. Tukarudia kushuti asubuhi mbili, kamera zote upande mmoja wa njia, anayefukuzwa katikati ya fremu. Droni tuliiacha nyumbani. Nikairudisha kwa mjomba siku ya Jumapili, watu wachache tu, sauti nimezima. Mzee wa Scania hakuwepo, alikua njiani. Ila kulikua na dogo kama wa miaka kumi hivi amekaa benchi ya mwisho kabisa nyuma ya wakubwa, na pikipiki ya adui ilipotokea kwenye mahindi, sekunde nzima kabla jamaa yetu hajageuka, nikamsikia.

"Nyuma yako!"